Usukani wa lori la zamani: tafuta mwendo unapofia kabla ya kugusa boksi

Huku kwetu mashariki ya Kongo, lori linalotoka Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, kwenda Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa barabara ya RN5 lazima literemke mlima Ngomo kabla ya kufika Kamanyola. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu mita 770, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inamalizwa pale mlimani, kona baada ya kona, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili. Rotuli, kile kiungo cha usukani chenye kichwa cha mviringo, ikichomoka barabara ikiwa tambarare, shofere ana nafasi ya kufunga breki na kumshukuru Mungu. Ikichomoka Ngomo, lori lina mzigo, na juu ya mzigo wamekaa watu.

Mwongozo huu ni wa malori tunayoyaona kila siku: Fuso, Isuzu na Mercedes za zamani, zenye ekseli nzima ya mbele, springi za vipande na boksi ya usukani yenye gololi ndani, iwe inasaidiwa na mafuta ya pampu au inategemea misuli ya shofere. Naandika kwa sababu katika garaje nyingi kitu cha kwanza kuguswa ni ile skrubu iliyo juu ya boksi. Shofere akisema volani (usukani) inacheza, yaani inazunguka kidogo bila magurudumu kuitika, skrubu inakazwa, mchezo unapungua, pesa inalipwa, lori linaondoka na ugonjwa wake uleule. Boksi iwe ya mwisho kuguswa. Kabla yake kuna safu ya vyungio, na kila kimoja kina namna yake ya kujisema.

Msikilize shofere

Shofere amekaa na lori hilo siku nzima, mikono yake inajua mengi. Shida ni kwamba atakuambia kwa neno moja tu:

“Papa fundi, volani ni mubaya.”

“Mubaya namna gani, Papa? Inavuta, inacheza, inatetemeka, ao imekuwa nzito?”

“Inanivuta kuume.”

“Kila wakati, ao ukifunga freni?”

“Ukifunga freni.”

Hapo tayari umeokoa nusu siku. Lori linalovuta upande mmoja wakati wa kufunga breki tu, anza kuliangalia kwenye breki. Uliza pia: ilianza lini, baada ya shimo gani, baada ya kubadilisha nini? Inatokea likiwa tupu au limepakia? Kwa mwendo gani? Kutetemeka kunakoanza kwenye kasi fulani na kutulia ukiipita, mara nyingi ni gurudumu lisilo na mizani au rimu iliyopinda. Kutetemeka kunakolipuka baada ya kupiga shimo na kukataa kuacha mpaka lori lisimame kabisa, hiyo ni ekseli iliyolegea mahali: pivo (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), rulema (beringi), rotuli, au yubolti (bolti za umbo la U) za springi.

Kabla ya kutoa funguo hata moja

Pima upepo wa matairi ya mbele kwa kipimo cha kweli, yakiwa baridi. Kuyapiga teke au nyundo hakutoshi. Tairi laini upande mmoja huvuta lori, na matairi laini yote mawili huufanya usukani uwe mzito. Kisha tazama namna yalivyolika. Yakilika ukingo mmoja na kuacha kama meno ya msumeno, magurudumu hayaangalii mbele sawasawa. Yakilika mabonde mabonde, kuna kitu kinachochezacheza. Kama unashuku tairi lenyewe ndilo linalovuta, badilishana la kushoto na la kuume: mvuto ukihamia upande wa pili, umempata mwenye kosa.

Angalia mzigo. Vyuma vya ujenzi vinavyotokeza nyuma sana huinua pua ya lori. Magurudumu ya mbele yanabaki na uzito mdogo, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na lori linatangatanga. Hakuna funguo itakayotibu hilo. Panga mzigo upya.

Halafu lala chini, uzitazame springi. Tafuta kipande kilichovunjika, busi (mirija midogo inayovaa pini) zilizokwisha, yubolti zilizolegea. Bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli huteleza nyuma kidogo upande huo na lori linatembea kishingo upande. Ipime kwa futi (utepe wa kupimia): kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kuume, magurudumu yakiangalia mbele. Vipimo vikipishana wazi, usihangaike na usukani. Ekseli imehama.

Jaribio la watu wawili

Hili ndilo jaribio kubwa, na halihitaji chombo chochote. Lori lisimame chini, mahali sawa, magurudumu yameelekea mbele, breki ya mkono imefungwa, kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Usilipandishe kwa kriki (jeki) bado, maana tunataka uzito uwe juu ya matairi ili mchezo wote ujitokeze. Kama lina pampu ya mafuta, injini iwe inawaka, giaboksi ikiwa huru.

Mwenzako akae kwenye kiti azungushe usukani kushoto na kuume, polepole, bila kufika mwisho, mpaka magurudumu yanapotaka tu kusogea. Akutajie usukani unatembea sentimita ngapi kwenye ukingo wake kabla gurudumu halijaitika. Kitabu cha lori lako kikiwepo, kifuate. Kisipokuwepo, kwangu sentimita tatu hivi kwa boksi ya zamani zinavumilika. Zikipita tano lori halitoki garaje.

Wewe uko chini. Fuata mwendo kutoka juu kwenda chini: nguzo ya usukani na vikardani vyake vidogo (viungo vinavyopinda), shafti inayoingia kwenye boksi, mkono unaotoka kwenye boksi, bari ya kusukuma (fimbo ya chuma) inayokwenda kwenye gurudumu, fuze (kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka juu ya pivo), halafu bari ya kati inayounganisha gurudumu hili na lile. Kwenye kila kiungo jiulize jambo moja: kinachoingia kinatembea, je, kinachotoka nacho kinatembea palepale? Mahali pa kwanza ambapo kimoja kinatangulia na kingine kinachelewa, mwendo unafia hapo.

Macho hayatoshi, hasa wakati wa kiangazi ambapo vumbi limefunika kila kitu. Weka kiganja juu ya rotuli, vidole vikishika bari na kitako cha mkono kikigusa mkono wa fuze, halafu mwambie mwenzako aendelee. Rotuli nzima inageuka kimya chini ya ngozi. Iliyokwisha inakugonga: tk, tk, kila usukani unapobadili upande. Utaisikia kabla hujaiona. Chunga vidole visiwe kati ya bari na chasisi.

Usisahau boksi lenyewe limefungwaje. Nimeona malori ambayo rotuli zote zilikuwa mpya na boksi zima lilikuwa linatembea juu ya chasisi, bolti zimelegea au chuma cha chasisi kimepasuka pembeni ya bolti. Ufa unajificha chini ya matope. Osha, paka chaki, tazama tena.

Pandisha mbele: ni pivo au rulema?

Sasa weka kriki chini ya ekseli, inua mpaka tairi liachane na ardhi, halafu weka stendi imara. Usiingie chini ya lori lililosimama kwa kriki peke yake, hata kwa dakika moja.

Shika tairi juu na chini, ulitikise kwa kulisukuma na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, kilicholegea ni rulema za gurudumu, kwa sababu breki imeshikamanisha tamburi (ngoma ya breki) na fuze. Mchezo ukibaki, ni pivo au busi zake. Fundi wengi huruka hatua hii ya breki, wakafungua pivo siku mbili kumbe nati ya rulema ndiyo ililegea.

Ukitikisa kushoto na kuume, mikono ikiwa ubavuni mwa tairi, mchezo unaousikia ni wa rotuli za bari ya kati. Halafu zungusha gurudumu hewani. Linalokwama mahali pamoja lina breki inayogusa. Kama lori linavuta, liendeshe kidogo bila kufunga breki sana, kisha sogeza mkono karibu na kila tamburi, bila kuigusa: lililo na joto kuliko mwenzake ndilo linalokokota.

Usukani mzito

Kwa lori la pampu, anza na tangi la mafuta ya usukani. Yamepungua? Yana povu? Povu maana yake hewa imeingia. Pampu inayolia ukikata kona, nayo inalilia mafuta au inavuta hewa kwenye paipu ya kuingilia. Kama inazungushwa na mkanda, tazama kama mkanda umelegea au unang’aa kwa kuteleza.

Hayo yakiwa sawa, au lori likiwa halina pampu, kuna njia ya kugawa tatizo nusu kwa nusu. Ekseli ikiwa imeinuliwa na injini imezimwa, tenganisha bari ya kusukuma na mkono wa boksi. Sasa una pande mbili zilizoachana. Geuza magurudumu kwa mikono: mtu mmoja aweze kuyapeleka kushoto na kuume bila kutoa jasho. Yakikataa, pivo zimekauka kwa kukosa grisi, au ile rulema bapa inayobeba uzito chini ya ekseli imesagika. Yakienda vizuri, rudi juu uzungushe usukani peke yake. Ukibana hapo, ni boksi, au kikardani cha nguzo kilichoota kutu. Kikardani hujitambulisha: usukani unakuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, katika mzunguko mmoja.

Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona una sababu hizohizo, na moja zaidi: boksi lililokazwa mno na yule wa skrubu.

Kubadilisha rotuli

Kabla ya kuifungua, hesabu nyuzi zinazoonekana kwenye bari au pima urefu kwa futi, uandike. Ukifunga mpya kwa kipimo hicho, magurudumu yatabaki karibu na mahali pake. Kumbuka upande mmoja wa bari ya kati huwa na nyuzi za kushoto.

Toa gupiye, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, halafu nati. Rotuli imebanwa kwenye tundu lake lenye umbo la koni, haitoki kwa kuvutwa. Kama huna kifaa cha kuitolea, weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono wa chuma ulioshika rotuli, upige kwa nyundo nyingine upande wa pili. Mshtuko utaiachisha. Usiipige kwenye nyuzi kutoka chini kama unataka kuirudisha, na usiwashe moto wa kuchomelea kwenye mkono huo. Chuma cha usukani kimepewa ugumu wake kiwandani. Moto unauondoa, nawe hutaona tofauti kwa macho.

Ukinunua, nenda dukani na ya zamani mkononi. Linganisha koni, nyuzi na urefu. Rotuli mpya inageuka kwa ugumu ulio sawa pande zote. Inayoyumba kama ulimi wa kengele tangu dukani, iache palepale, hata bei ikiwa tamu. Ya okazyo (iliyokwisha kutumika) siinunui kwa usukani. Rimu ya okazyo, sawa, mlango wa okazyo, sawa. Rotuli, hapana.

Wakati wa kufunga, koni na tundu viwe safi na vikavu, bila grisi. Kaza nati kwa nguvu inayotakiwa, na kama tundu la gupiye halijalingana, kaza mbele zaidi mpaka lilingane. Usirudishe nyuma kamwe. Gupiye iwe mpya. Msumari uliopindwa au kipande cha waya si gupiye.

Na hili nalisema kwa uzito wote: rotuli haichomelewi, bari iliyovunjika haichomelewi, mkono wa boksi hauchomelewi. Najua bei ya kipuri na najua patro (mwenye lori) anavyokazana. Kwenye kitanda cha lori chomelea unavyotaka. Kwenye usukani, chuma kilichochomelewa kinashika Bukavu nzima, kinashika Nyangezi, halafu kinaachia penye mteremko.

Pivo na rulema

Pivo inashikwa na kabari ndogo ya chuma inayopita kwenye ekseli. Itoe hiyo kwanza, halafu vifuniko, ndipo pivo. Iliyoganda, itolewe kwa presi. Busi mpya zikishaingizwa lazima zikwanguliwe kwa riima (chuma cha kupanulia tundu) mpaka pivo iingie kwa kusukumwa na mkono bila kuyumba. Kazi hii haifanywi kwa msasa. Matundu ya grisi ya busi yaelekeane na ya fuze, la sivyo utapiga grisi mwaka mzima bila tone kufika. Rulema bapa irudi chini ya ekseli, upande wa kifuniko ukiwa juu ili matope yasiingie.

Rulema za gurudumu: zioshe, zitazame moja moja. Yenye doa la bluu au iliyochubuka inatupwa pamoja na bakuli lake. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha irudishe nyuma kati ya sehemu ya sita na robo ya mzunguko, ufunge gupiye mpya.

Grisi ya pivo ipigwe ekseli ikiwa imeinuliwa. Uzito ukiwa juu ya magurudumu, grisi haipiti kwenye uso wa rulema bapa. Endelea mpaka ya zamani, nyeusi, itoke na mpya ianze kuonekana. Kwa lori la barabara za udongo, fanya hivyo kila wiki, na msimu wa mvua kila baada ya safari yenye matope mengi.

Sasa boksi

Umefika hapa kwa sababu kila kiungo kimepimwa na mchezo bado upo. Elekeza magurudumu mbele kabisa, inua ekseli, tenganisha bari ya kusukuma. Legeza nati ya kufungia skrubu, kaza skrubu sehemu ndogo, chini ya robo ya mzunguko, funga. Zungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho. Ni kawaida kusikia ugumu kidogo sana pale katikati. Ukisikia unabana pembeni, legeza.

Boksi lililochakaa limelika zaidi katikati, maana ndipo linapofanya kazi muda mwingi. Ukilikaza mpaka mchezo wa katikati uishe kabisa, litabana likiwa limekata kona, na usukani utagoma kurudi shofere anapouhitaji. Hapo boksi linataka kufunguliwa na kubadilishiwa gololi, rulema na mihuri (sili za kuzuia mafuta). Ukitoa mkono wa boksi, tafuta alama kwenye meno yake au upige yako kabla haujatoka.

Mafuta: malori mengi ya Kijapani hutumia yale mekundu ya giaboksi otomatiki, lakini soma kifuniko cha tangi. Mafuta ya breki yasiguse hapo, yanavimbisha mihuri. Kutoa hewa, inua mbele, injini imezimwa, zungusha usukani mwisho mpaka mwisho mara kumi hivi huku tangi likiongezwa. Kisha washa, rudia polepole. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde tano, pampu inaungua.

Kunyoosha magurudumu kwa msumari na futi

Baada ya kugusa rotuli au pivo, kazi hii ni lazima. Inua magurudumu ya mbele, zungusha kila tairi huku ukiligusa kwa msumari ulioshikwa imara juu ya kipande cha mbao, upate mstari mwembamba unaozunguka tairi lote. Shusha lori, lisukume mbele mita chache ili likae. Pima kati ya mistari miwili mbele ya matairi, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, utie alama ya chaki. Sukuma lori mpaka alama zifike nyuma kwa kimo kilekile, upime tena. Kipimo cha mbele kiwe kidogo kuliko cha nyuma: kati ya sifuri na milimita 2 kwa matairi ya radiali, 3 hadi 5 kwa yale ya nyuzi za kupishana, isipokuwa kitabu cha lori kiseme vingine. Rekebisha kwa kuzungusha bari ya kati, kaza klipu zake, upime mara ya pili.

Kulijaribu barabarani

Lijaribu likiwa tupu kwanza, mahali tambarare, mwendo mdogo. Achia mikono kidogo: liende mbele. Kata kona, uachie: usukani urudi. Funga breki: lisivute. Ndipo upakie.

Mwambie shofere, mbele ya konvoyeri (msaidizi) wake ili wawe mashahidi wawili, kwamba kwenye mteremko injini haizimwi ili kuokoa mazuti (dizeli). Injini ikizima, pampu ya usukani inasimama, na breki za upepo zinabaki na ule uliokuwa kwenye tangi tu. Akishafika Kamanyola asimame, ashuke na funguo, aguse kila nati iliyofunguliwa garaje na kutazama kila gupiye. Akirudi Bukavu, alete lori palepale kabla ya kupakia tena, ukaze yubolti na upime mchezo upya.